Nimekonda sana, sindano ya insulini niichome wapi?

SWALI

Shikamoo mama. Naomba usinichoke maana sijui hata nianzie wapi. Mimi ni binti wa miaka 24, niko Muheza, nashona nguo, nina cherehani yangu ile ya miguu nimeiweka barazani kwa shangazi na ndo riziki yangu hiyo. Nina kisukari aina ya kwanza. Waligundua miaka miwili iliyopita, nilikuwa na kilo 53 nikashuka mpaka 40 kwa muda mfupi tu, nakunywa maji hayanitoshi, usiku siachi kwenda chooni, mwisho nikazimia nikaja kuamkia wodini nina dripu. Toka hapo nipo kwenye insulini, hii ya mchanganyiko 30/70 ya kichupa, yaani 30 ya haraka na 70 ya taratibu. Urefu wangu sentimita 162, na kilo sa hivi ni 42, yaani bado sijarudi, nguo zangu zote za zamani nimezipunguza mwenyewe.

Sasa mama shida yangu ni pa kuchoma. Nesi alonifundisha alinionyesha kwa chungwa, mara moja tu, akasema utachoma tumboni au pajani, akaita mwingine, foleni ilikuwa kubwa simlaumu. Lakini chungwa lina nyama, mimi sina. Tumbo langu nikilishika nashika ngozi tupu, naogopa kabisa kwamba sindano itapita itoboe utumbo, kwahiyo tumboni sijawahi kuchoma hata siku moja. Nachoma mapajani. Na hapo pia sio mapaja yote, nachoma zaidi la kulia, kuna sehemu moja nimeizoea haiumi kabisa, hata nikichoma sisikii, pamevimba kidogo kama kijitonge laini lakini hapaumi. La kushoto ndo mateso, nikichoma nasikia kama nimechoma mfupa, panatoka damu, kesho yake pana weusi.

Kingine kinachonichanganya, nikichoma kulia sukari haishuki vizuri, nakuta mashine inasoma 15, 17 (mmol/L), mpaka daktari mwezi wa nne akaniongezea dozi ya asubuhi kutoka yuniti 10 ikawa 14, jioni 8. Alafu siku nikisema leo ngoja nipumzishe kulia nichome kushoto, nachoma saa moja nakunywa chai na mihogo yangu vizuri tu, saa mbili nakaa kwenye cherehani, saa tatu jasho linanitoka, mikono inatetemeka hata uzi kupitisha kwenye tundu la sindano siwezi. Juzi nilipima nikakuta 2.9. Shangazi aliniwekea sukari mdomoni. Anasema hizo sindano nichome begani kama watoto wanavyochanjwa. Na sindano zenyewe za kliniki ziliisha, nanunua duka la dawa, naona ni ndefu kuliko zile za mwanzo, pakiti imeandikwa 12.7mm.

Mama naomba unisaidie, nichome wapi mimi nisiye na nyama? Nimechoka kuogopa sindano kila asubuhi.

Mwembamba wa Muheza

JIBU

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu na pole sana, ila nikwambie ukweli umeniandikia vizuri kuliko unavyodhani, maana jibu la shida yako umeliweka mwenyewe humo ndani vipande vipande, kijitonge cha kulia kisichouma, 17, kuongezewa dozi, paja la kushoto, cherehani, 2.9. Hayo yote ni jambo moja. Mimi nimekaa kliniki ya sukari miaka mingi kabla sijastaafu na nimewaona wengi waliokonda kama wewe wakihangaishwa na hilo hilo bila mtu kuwashika paja kwa mkono akajua.

Anza na hicho kijitonge. Ukichoma insulini sehemu moja kila siku, mafuta ya hapo chini ya ngozi yanavimba, yanakuwa kama sponji. Hapaumi, ndo maana watu wanapapenda, na ndo ubaya wake. Insulini ikiingia hapo inakwama, inatoka kidogo kidogo inavyotaka yenyewe, leo hivi kesho vile. Hivyo ulivyokuwa unachoma 10 hazikuwa zinafika zote kwenye damu kwa wakati wake, sukari ikasoma 17, daktari akaona kadi akaongeza. Hakukosea kwa alichokiona, ila hakuliona paja. Kwahiyo mwanangu hizo 14 zako zimepimwa kwa nyama mbovu.

Sasa unahamia kushoto. Kushoto nyama ni nzima, alafu ni kidogo, na umeshika sindano ya milimita 12.7. Ngozi ya binadamu, awe mnene awe mwembamba, unene wake karibu ni ule ule, milimita 2 na kitu. Chini yake ndo kuna mafuta na hapo ndo insulini inatakiwa ikae. Chini ya mafuta ni msuli. Kwa mtu wa kilo 42 mafuta ya pajani ni kijisafu chembamba tu, sasa hiyo sindano ukiichoma wima inapita ngozi, inapita mafuta, inaingia msulini. Ndo yale maumivu, ndo ile damu na weusi, sio mfupa ule. Na insulini ikiingia kwenye msuli inanyonywa haraka kuliko inavyotakiwa, na msuli ukiwa unafanya kazi ndo kabisa. Wewe umechoma pajani saa moja, saa mbili umekaa unakanyaga cherehani, paja lile lile linapanda na kushuka lisaa lizima. Hapo yuniti 14 zimeingia kwa kishindo. 2.9 hiyo haikutoka hewani.

Ndo maana jambo la kwanza kabla sijakwambia pa kuchoma, nenda kliniki kesho, usisubiri tarehe iliyoandikwa kwenye kadi. Waambie nina uvimbe wa sindano paja la kulia, nataka kuacha kuchoma hapo, nahamia sehemu nzima, dozi yangu iwe ngapi. Mara nyingi inabidi ipunguzwe, wao ndo watasema kiasi gani, usikisie mwenyewe na usihame kimya kimya ukabaki na 14 zako. Na zile siku za mwanzo pima sana, kabla ya kula, kabla ya kulala, na ikiwezekana umuombe shangazi akuamshe usiku wa manane upime hata mara moja mbili. Stripu za kupimia ni ghali najua, lakini kama kuna wiki ya kuzitumia ni hiyo. Kwenye droo ya cherehani weka sukari, vijiko vitatu vya chai umefunga kwenye karatasi, na chupa ya maji. Ikisoma chini ya 4 au ukianza kutetemeka unakoroga unakunywa, au nusu glasi ya soda ya kawaida, unasubiri dakika 15 unapima tena, ikipanda ndo unakula kitu. Na shangazi mwambie kabisa, siku akikukuta umezimia asikutie kitu mdomoni, utapaliwa, akupakie kwenye gari akukimbize hospitali. Sukari ya mdomoni ni kwa mtu anayeweza kumeza.

Haya sasa pa kuchoma. Mtu mwembamba sehemu yake nzuri kuliko zote ni makalio, na hakuna anayewaambia kwa sababu watu wanaona aibu kulisema. Hata mtu aliyekonda namna gani pale hua panabaki na mafuta. Sio katikati wala sio chini unapokalia, ni juu upande wa nje, pale ambapo ukivaa jinzi kona ya juu ya mfuko wa nyuma inakaa. Hapo mara nyingi hata kufinya ngozi hauhitaji kama sindano ni fupi, kwa wewe mimi ningefinya tu. Utasema naonaje nyuma, kaa pembeni ya kitanda ujigeuze kiuno, lile kalio la upande ulioelemea liache, chukua la juu, unaliona bila kioo. Wiki ya kwanza shangazi akusaidie, ni mtu mzima mwenzako wala msione haya. Dera na kanga zinasaidia sana kwa hilo kuliko suruali.

Kalioni insulini inanyonywa taratibu kuliko sehemu zote, kwahiyo kwa hiyo 30/70 yako pafanye pa jioni, ile sehemu ya insulini inayofanya kazi muda mrefu itaenda polepole isikushushe usiku umelala. Asubuhi nataka uchome tumboni, maana tumboni inanyonywa haraka na asubuhi ndo unakunywa chai na mihogo.

Najua umeshtuka kusikia tumboni. Utumbo wako hautatobolewa mwanangu. Kati ya ngozi na utumbo kuna ukuta wa misuli, na sindano fupi ukiwa umenyanyua ngozi haifiki hata kwenye huo ukuta. Ila sikudanganyi, hiyo 12.7 ukiichoma wima tumboni kwa mwili wako mimi mwenyewe nisingependa, kwahiyo hizo achana nazo kabisa. Ukienda duka la dawa usiseme nipe sindano za sukari, sema nataka ya insulini ya yuniti 100 yenye sindano ya milimita 6, kama hamna basi 8, na uisome pakiti kabla hujatoa hela. Wanaotumia kalamu ya insulini wana bahati, zipo za milimita 4 na hizo zinamfaa mtu yeyote, mnene na mwembamba. Ukiulizia kliniki kama kuna kalamu sio dhambi.

Tumboni usichome umesimama. Ukisimama tumbo lako linanyooka linakuwa kama ngoma, hamna cha kushika. Kaa kwenye kiti, inama mbele kidogo, legeza tumbo, utaona ngozi inajikunja yenyewe chini ya kitovu na pembeni kuelekea kiunoni. Hapo pembeni ndo pako. Kaa mbali na kitovu vidole viwili vitatu, na usipande juu kwenye mbavu.

Sasa kufinya, na hapa wewe fundi utanielewa haraka kuliko wengine wote. Umeshawahi kushona gauni lenye bitana? Ukitaka kutia pini kitambaa cha juu peke yake unafanyaje, unakinyanyua kwa ncha za vidole mpaka kiachane na bitana ndo unapitisha pini. Basi ni hivyo hivyo. Ngozi na mafuta yake ndo kitambaa cha juu, msuli ni bitana. Tumia kidole gumba na cha shahada, ukitaka ongeza cha kati, lakini usishike kwa kiganja kizima kwa sababu kiganja kinakusanya na msuli. Usibane mpaka ngozi ikabadilika rangi. Kujua kama umeshika msuli, ukiwa umefinya hivyo kaza tumbo au kaza paja, ulichoshika kikijikaza ndani ya vidole basi umekamata bitana, achia ushike upya. Fanya hilo bila sindano kwanza, hata usiku ukiwa umekaa tu, mpaka vidole vijue tofauti.

Ukishanyanyua unaingiza sindano kwa mlazo, nusu ya kusimama na nusu ya kulala, nyuzi 45, sio wima. Unasukuma dawa taratibu, unachomoa kwa mlazo ule ule, alafu ndo unaachia ngozi. Wengi wanaachia ngozi sindano bado imo ndani, pale msuli unarudi juu unakutana na ncha, kazi yote imeharibika. Ukiona tone la damu bonyeza kwa pamba usisugue, halina shida.

Mapajani nakuomba upaache kwa sasa. Kulia papumzike kabisa, miezi sio wiki, uvimbe huo unaisha wenyewe polepole ukiachwa. Kushoto nako papumzike kwa sababu ya cherehani. Baadae ukinenepa utarudi, mbele kuelekea nje, sehemu ya juu ya paja, ndani ya paja na karibu na goti hapana, na iwe jioni ukishafunga kazi.

Begani shangazi yako amesema kwa nia njema lakini usimsikilize. Bega limejaa msuli, na chanjo nyingi zinatakiwa ziingie msulini makusudi, na sisi msuli ndo tunaukimbia. Mkono unachomwa nyuma, kati ya bega na kiwiko, na kwa mkono mmoja huwezi kufinya na kuchoma hapo hapo, kwa mtu mwembamba mimi hua nasema mkono usahau mpaka uwe na mtu wa kukuchoma.

Na hiyo sehemu moja uliyoizoea usije ukaizalisha nyingine tumboni. Kila choma isogee upana wa kidole kutoka ya jana. Chukua karatasi ya kukatia pateni, chora tumbo kulia na kushoto, kalio kulia na kushoto, wiki hii asubuhi zote upande mmoja unazunguka humo humo, wiki ijayo upande wa pili, unatia nukta kila ukichoma. Ukioga una sabuni mkononi pitisha vidole sehemu zako zote, uvimbe mdogo unausikia kwa mkono uliolowa sabuni kabla hujauona kwa macho.

Maumivu mengine yanatokana na vitu vidogo. Insulini uliyoitoa kwenye friji sasa hivi inauma ukiichoma, kichupa unachokitumia kinaweza kukaa nje kivulini wiki kama nne, kwa joto la Muheza kiweke kwenye chungu chenye mchanga wa majimaji pembeni, vile vya akiba tu ndo vikae frijini na visigande. Spiriti ikiwa haijakauka nayo inachoma, ngozi safi ya maji na sabuni inatosha. Na sindano butu. Wewe unajua sindano ya cherehani ncha ikiwa butu inavyovuta nyuzi za kitambaa, ya insulini nayo ni hivyo hivyo kwenye ngozi yako, na kuirudia rudia kunachangia hizo vimbe. Imetengenezwa kutumika mara moja. Najua bei, najua wengi mnairudia, sitakugombeza, ila isiwe wiki nzima, ikianza kuuma itupe kwenye kopo gumu lenye kifuniko, na asiitumie mtu mwingine hata ndugu wa damu. Kichupa usisahau kukiviringisha viganjani na kukipindua taratibu kama mara kumi kumi mpaka maziwa yawe sawa kote, ile nyeupe ikibaki chini dozi ya leo na ya kesho hazitalingana hata uchome wapi.

Kuna kitu nataka ujue kuhusu huo wembamba unaouonea aibu. Mtu wa kwanza kabisa duniani kutibiwa kwa insulini alikuwa mtoto wa miaka 14, Leonard Thompson, hospitali ya Toronto kule Kanada, Januari 1922. Alikuwa na kilo kama 29 tu, ngozi na mifupa, wewe una 42. Dawa ya siku ile ilikuwa chafu bado, ikamtia jipu pale walipomchoma, wakaacha, wakaisafisha zaidi, siku 12 baadae wakamchoma tena na sukari ikashuka. Akaishi miaka 13 zaidi. Insulini tangu mwanzo ilianza na watu waliokonda, mwili wako sio mwili wa ajabu uliosahaulika.

Lakini na hizo kilo zenyewe usizikubali. Sukari ikisoma 15, 17 kila siku chakula unakula alafu kinatoka na mkojo, ndo maana miaka miwili umeongeza kilo mbili tu. Insulini ikianza kufika inapotakiwa utaona nguo zinabana. Zisipobana ndani ya miezi mitatu minne, au kama una kikohozi, jasho la usiku, homa homa za jioni, waambie wakupime TB, wenye sukari inawapata kirahisi zaidi, na wakupime na homoni za tezi ya shingo pia. Useme mwenyewe, usisubiri waulize.

Kesho ukienda beba kichupa, beba pakiti ya hizo sindano za 12.7 waione, na kadi. Vaa dera, sio suruali. Ukiingia chumbani mwambie nesi naomba unishike hapa paja la kulia kwa mkono wako kabla hujaandika chochote.